Aliondoka siku ya 23: uchambuzi wa kisa cha msichana wa kazi katika nyumba yenye mzazi

Alfajiri ya siku ya 23 tangu mtoto azaliwe, msichana wa kazi alitia magauni yake matatu na kanga pea moja ndani ya mkoba, akaaga kwamba mama yake anaumwa, akaenda kupanda boti ya Pemba. Hakurudi. Nyumbani Fuoni alibaki mzazi na kichanga chake, mtoto mwengine wa miaka mitatu, bibi aliyekuja kulea arobaini, yaani siku 40 za mwanzo za uzazi, na beseni la nepi zilizorowekwa tangu usiku. Kauli ya mwanzo iliyotoka ndani ya nyumba ni ile inayosikika kila mtaa: "Wasichana wa siku hizi hawana shukurani."

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, kwa hiyo asitafutwe mwenyewe. Tumekichagua kwa sababu hamna mtu mbaya ndani yake. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyepiga mtoto, hakuna aliyetukana. Hata hivyo ajira ilivunjika baada ya siku 26, na ilivunjika kwa sababu zinazohesabika. Rai yetu ni kwamba kazi aliyoitiwa msichana yule siyo aliyoikuta, na tofauti ya hizo mbili ingeweza kuonekana miezi miwili kabla ya uchungu.

Nyumba na makubaliano

Mke ni karani wa hesabu katika hoteli. Mume anafanya kazi bandarini kwa zamu, wiki moja mchana na wiki moja usiku. Uzazi wa kwanza mke alikwenda kujifungulia kwao Wete, kama ilivyo ada. Wa pili waliamua kubaki Fuoni, bibi aje akae nao siku 40, na atafutwe msichana wa kusaidia.

Jamaa mmoja alikuja mwanzo na jina la mtoto wa miaka 14: "Mchukueni, atasoma huku na atawasaidia." Walikataa, na hapo walifanya jambo la sawa kuliko mengine yote ya kisa hiki. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Na. 6 ya 2011 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Tena nyumba yenye mzazi ni maji ya moto, ndoo nzito na usingizi wa vipande vipande. Mtoto anayeahidiwa skuli katika nyumba ya aina hiyo, daftari lake halifiki ukurasa wa kumi.

Aliyekuja ni msichana wa miaka 19 kutoka Wilaya ya Micheweni, akaletwa na shangazi yake. Mazungumzo yote yalifanywa kwa simu baina ya mke na shangazi, na hayakufika dakika kumi. Kazi ilitajwa hivi: "Ndogondogo za ndani, na kumsaidia mzazi." Mshahara shilingi 120,000 kwa mwezi, 80,000 zitumwe kwa shangazi, 40,000 apewe mwenyewe. Mwenyewe hakuulizwa. (Namba hizi ni za kisa na tunazitumia kwa hesabu tu. Anayeajiri leo aulize kwanza Kamisheni ya Kazi kima cha chini kilichopo, ndipo ataje chake.)

Alishuka bandarini Malindi mimba ikiwa na wiki 39. Siku ya tano mtoto akazaliwa. Katika siku nne hizo alionyeshwa jiko, tangi la maji na duka la karibu, basi. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa bado anamkimbia.

Siku ya tisa, saa mbili asubuhi

Uani kuna majiko mawili ya mkaa. Juu ya moja limetelekwa sufuria kubwa la maji ya kumkandia mzazi, yanatokota na majani ya mwarobaini. Juu ya jengine uji wa pilipili manga umeanza kushika chini. Mkunga ameshafika, amekaa juu ya kibao, mikono ya gauni ameikunja, anangoja.

"Mwanangu, maji!" Bibi anaita mlangoni mwa bafu.

"Abee bibi, naja."

Wifi naye yuko ukumbini. "Dada, wageni watatu hawa. Chai iko wapi?"

"Abee, naja."

Chooni mtoto wa miaka mitatu amemaliza, anataka kutawazwa, na anataka kwa kelele. Chumbani mzazi anasema kwa sauti ya chini: "Niletee kitambaa kikavu, mtoto karowa."

Msichana amesimama na upawa mkononi. Anachagua maji, kwa sababu bibi ndiye mkubwa wao. Uji unaungua. Mtoto anatoka chooni mwenyewe, na zulia linaharibika. Chai inafika ukumbini dakika 25 baadaye, na wifi anasema mbele ya wageni, tena kwa kucheka: "Mzito huyu."

Si mzito. Ameitwa na watu wanne ndani ya dakika moja, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba wengine wameita. Katika nyumba ya arobaini jambo hili huwa halionekani, kwa sababu kila anayetuma ana haki yake: bibi ni mlezi, wifi ni mwenye nyumba kwa upande wa kaka yake, mzazi ndiye aliyeajiri. Haki ni tatu, miguu ni miwili. Ilitakiwa isemwe mapema, mbele ya wote, kwamba mpaka mtoto azaliwe anayemtuma msichana ni mke peke yake, na kuanzia siku ya kujifungua hadi arobaini ni bibi peke yake, kwa kuwa mzazi yuko chumbani na haoni kinachoendelea uani. Wifi akitaka chai amwambie bibi. Maneno haya ni magumu kumwambia wifi, na ndiyo maana huwa hayasemwi. Basi ayaseme mume, ni dada yake.

Hesabu ya siku moja

Bibi alipodai kwamba kazi ya nyumba ile "si kubwa hivyo", hesabu ya siku ya tisa ilitosha kumjibu. Msichana aliamka saa 10:30 alfajiri kuwasha mkaa, akalala saa 5:00 usiku baada ya kukosha vyombo. Hapo katikati ni saa 18 na nusu. Toa sala, toa kula, toa saa moja ya alasiri aliyojinyoosha: zinabaki kama saa 16 za kazi. Usiku wenyewe aliamshwa mara mbili kupasha maji na kufuta sakafu, kwa hiyo kati ya saa tano na nusu za kulala alipata nne na nusu. Siku 22 mfululizo, Ijumaa zote ndani yake.

Maji ndiyo yaliyommaliza kuliko kitu chengine. Mzazi alikuwa akikandwa asubuhi na jioni, kila mara ndoo mbili za lita 20: hizo nne. Nepi za kitambaa na kanga za mzazi, ndoo tatu. Kupika na vyombo, mbili. Choo na kukoga, mbili. Jumla ndoo 11, lita 220, na lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi liko pembeni ya ua, bafu liko ndani. Msichana mwembamba wa miaka 19 alikuwa akihamisha kilo 220 kila siku, na zaidi ya theluthi ya kazi hiyo yenye maji yanayochoma. Nyumba haikuwahi kuziona ndoo hizo kuwa ni kazi. Mpira wa kumwagilia bustani, uliofungwa kwenye tangi na kupitishwa dirisha la bafu, ungeziondoa karibu zote kasoro za moto.

Kwa kuwa tumegusa kukanda: aliyejifungua kwa kupasuliwa asikandwe tumbo wala asifungwe mkaja (kitambaa cha kufunga tumbo) juu ya mshono kabla ya kumuuliza mkunga wa hospitali. Na anayebeba maji ya moto asipite penye mtoto anayetambaa au kukimbia. Maji hayo yanachanganywa ndani ya bafu kwa kutanguliza baridi kwenye ndoo kisha kuongeza moto. Ndoo yenye moto mtupu isiwekwe sakafuni hata kwa nukta moja.

Katika saa 16 hizo, dakika alizokaa na mtoto wa miaka mitatu hazikufika 40. Hapa ndipo tunapoona kosa lenyewe. Kichanga kilikuwa na mama, bibi na mkunga. Aliyekosa mtu ni mkubwa wake, aliyeanza kukojoa kitandani na kumfinya mdogo wake. Kama nyumba ingejiuliza tangu mwanzo "tunamtafutia nani msaidizi?" jibu lingekuwa jina la mtoto huyu, na kazi zote zilizobaki zingepangwa baada yake.

Kazi za arobaini zina wenyewe

Arobaini ni shughuli ya siku 40. Ajira ya msichana ni ya mwaka au zaidi. Ukizichanganya, shughuli inaila ajira. Kazi zinazotokana na arobaini zipewe watu wa arobaini. Atafutwe mama wa kufua, aje asubuhi tatu kwa wiki kwa wiki sita, jumla asubuhi 18, alipwe kwa siku; akija yeye, ndoo tatu na saa mbili za jua zinamtoka msichana. Akika ya siku ya saba ipikwe na wapishi waliokodiwa au na jamaa, na msichana asionekane kwenye sufuria za shughuli: siku hiyo kazi yake ni mtoto mkubwa, basi. Chai ya wageni iwe kwenye chupa mbili za chai zinazojazwa mara moja asubuhi, na maandazi yanunuliwe. Wageni wenyewe waambiwe waje baada ya Alasiri. Hawatotii wote, lakini watakaotii watampa mzazi usingizi wa mchana.

Alikolala

Alilala ukumbini, juu ya godoro lililotandikwa baada ya wageni kuondoka na kukunjwa kabla hawajaja. Ukumbi hauna mlango. Wiki za zamu ya usiku mume alirudi saa 10 alfajiri na njia ya kwenda chumbani inapita pale. Mume yule ni mtu wa heshima, alipita ameinamisha macho. Lakini msichana hakuweza kujua kila siku nani anayeingia, na stara ya mtu haiachiwi kwenye tabia njema ya mwengine. Chumba chake kiwe na mlango, mlango uwe na komeo kwa ndani, na ufunguo wa kabati au sanduku lake awe nao mwenyewe. Kama nyumba haina chumba hicho, basi haina nafasi ya msaidizi wa kulala. Itafute wa kuja asubuhi na kuondoka jioni.

Kuna jambo zito zaidi, ambalo nyumba haikulihesabu kabisa. Uchungu ulianza usiku, mke akapelekwa hospitali na wifi, akalazwa siku mbili. Bibi alikuwa bado hajavuka kutoka Wete. Kwa usiku mbili waliolala nyumbani ni mume, mtoto wa miaka mitatu na msichana. Halikutokea lolote. Lakini msichana alimpigia simu mama yake, na kwao neno "nimelala nyumba moja na mwanamume asiye maharimu wangu, mke hayupo" halihitaji kuongezwa kitu. Kuanzia siku hiyo mama yake alikuwa akimwambia arudi. "Mama anaumwa" ilikuwa ni njia ya kuondoka bila kumvunjia mtu heshima. Wenyeji wa Pemba na Unguja wanaijua lugha hiyo, ila anayeachwa huwa hataki kuifahamu.

Dawa yake ni mpango wa usiku wa uchungu, uandikwe kabla ya wiki ya 36: nani anakwenda hospitali, nani mwanamke anakuja kulala nyumbani, na asipopatikana huyo, msichana na mtoto wanakwenda kulala kwa nani. Majina mawili na namba mbili za simu, karatasi ibandikwe nyuma ya mlango wa jiko. Kama mzazi anakwenda kukaa arobaini kwao, msaidizi aende naye au arudi kwao kwa likizo yenye malipo. Asibaki.

Shilingi 104,000

Siku anaondoka, msichana alikuwa hajashika hata shilingi. Mwezi haukutimia, na za shangazi zilipangwa kutumwa kwanza. Baada ya kuondoka, mume aliona hakuna deni kwa sababu "kaondoka bila taarifa". Hesabu ni nyepesi: 120,000 kugawa kwa 30 ni 4,000 kwa siku. Alifanya kazi siku nne kabla ya uzazi na siku 22 baada yake, jumla 26. Deni ni 104,000, na ni lake yeye. Kukosa taarifa ni jambo la kuzungumzwa kwenye makubaliano. Halifuti siku ambazo mtu ameshazifanyia kazi.

Kutolipa kulizaa tatizo jengine haraka. Nyumba ilipotuma salamu kutafuta wa pili kutoka kijiji kile kile, salamu hazikujibiwa. Habari ya msichana aliyerudi mikono mitupu inafika kabla ya boti inayofuata. Mwishowe walizituma zile 104,000, kwa simu ya msichana mwenyewe na siyo ya shangazi.

Mshahara upokelewe na mfanyakazi mwenyewe, kwa mkono au kwa simu iliyosajiliwa kwa jina lake, tarehe isiyobadilika, na kila malipo yatiwe saini kwenye daftari. Akitaka kumtumia shangazi au mama, atume yeye. Mwezi wa kwanza ni vizuri kulipa kwa nusu mbili, siku ya 15 na ya 30, kwa sababu mgeni huja bila senti na huona haya kuomba hata ya sabuni na vitambaa vyake vya mwezi.

Alitakiwa aje lini

Nyumba nyingi humleta msaidizi "karibu na siku". Hesabu iende kinyumenyume. Tarehe ya kujifungua ni wiki ya 40. Mtoto huhesabiwa ametimia tangu wiki ya 37, kwa hiyo toa wiki tatu. Majaribio ya kazi yanataka wiki mbili, toa mbili. Akishindwa, kumpata mwengine, kuzungumza na kwao na kumvusha kunakula wiki tatu, toa tatu. Tunabakiwa na wiki ya 32. Mshahara wa miezi miwili ya ziada unauma, hatukatai, lakini nyumba hii iliulipa kwa njia nyengine: nauli za kutafuta wa pili, na likizo ya mume isiyo na malipo.

Kabla hajapanda boti, zungumza na mwenyewe, siyo na aliyemleta. Muulize alifanya kazi wapi na kwa nini aliondoka. Ana mtoto au mgonjwa anayemtegemea. Anataka kwenda kwao mara ngapi. Kisha mtajie kazi kwa kuzihesabu, pamoja na zisizopendeza. Asiyependa atasema hapo hapo, na hiyo ni faida.

Aje na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, au cha NIDA kwa anayetoka Bara, na barua ya sheha (kiongozi wa serikali wa shehia) wa kwao. Ndani ya siku mbili za mwanzo apelekwe kwa sheha wa shehia anayohamia aandikwe. Si kwa kumtilia shaka: akipotelewa, akiumwa au akidhulumiwa, awepo mtu nje ya nyumba anayemjua. Afya yake izungumzwe kwa uwazi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kupimwa kifua kikuu kabla hajakaribia kichanga, na gharama ni ya mwajiri. Kumpima mtu damu kwa siri au kwa kumlazimisha haifai, na haimlindi mtoto na chochote.

Katika wiki mbili za majaribio wengi hutazama mapishi. Mapishi hufundishika. Tazama mikono: anaikosha kwa sabuni akitoka chooni na kabla ya kushika chombo cha mtoto, bila kukumbushwa? Tazama beseni: akiitwa wakati anamkogesha mtoto, anaondoka na mtoto au anamuacha ndani ya maji? Tazama simu yake iko wapi anapokuwa na mtoto karibu ya jiko. Na tazama anavyokosea. Anayevunja kikombe akaja kukuonyesha vipande ndiye wa kuachiwa mtoto. Anayevificha vipande chini ya taka leo, kesho ataficha kwamba mtoto alianguka.

Liko swali moja tunalolipenda kuliko mengine. "Mtoto amelia nusu saa, umembeba, umembembeleza, hanyamazi, na wewe umechoka. Utafanyaje?" Jibu zuri ni la kumlaza chali mahali pa salama, kukaa pembeni dakika chache, kisha kupiga simu. Akisema atamtikisa mpaka anyamaze, usikasirike, mfundishe: kichanga kutikiswa kunaweza kumjeruhi ubongo hata bila alama nje. Muulize tena baada ya siku tatu.

Mara ya pili

Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya 2005 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 90, au 100 akizaa pacha. Mke wa kisa chetu alianza likizo siku 14 kabla ya kujifungua, kwa hiyo zilibaki 76: mtoto angekuwa na takriban wiki 11 siku mama anaporudi kazini. Msaidizi wa pili alianza siku ya 48, mwanamke wa miaka 36 kutoka Makunduchi, mwenye watoto wakubwa. Safari hii palikuwa na karatasi. Ilikuwa ukurasa mmoja, nakala mbili, imesainiwa na pande zote mbili mbele ya kaka yake:

"Kazi: mtoto mkubwa mchana kutwa, kichanga wakati mama yuko kazini, chakula cha mchana, nguo za watoto. Si kazi yake: nguo za baba, kubeba gesi, kupikia shughuli. Saa: kuanzia 12:30 asubuhi hadi 11:30 jioni, mapumziko saa mbili mchana watoto wanapolala. Usiku ni wa mama na baba. Mapumziko: kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri. Mshahara: tarehe 28, mkononi mwake. Nauli ya kwenda kwao mara mbili kwa mwezi: ya mwajiri. Akiumwa: halipunguzwi kitu kwa siku alizopumzika, matibabu ya mwanzo ni ya mwajiri. Kuacha au kuachishwa: taarifa ya siku 28, na siku zilizofanyiwa kazi zinalipwa kwa hali yoyote. Anayemtuma: mama. Mama akiwa hayupo: hakuna."

Tunaipenda ile "hakuna". Inamkata wifi bila kumtaja.

Makabidhiano yalichukua wiki nne. Wiki ya kwanza msaidizi alitazama tu mama anavyofanya. Ya pili alifanya yeye, mama amekaa pembeni na mdomo wake ameufunga, kazi ambayo ilimshinda mara mbili. Ya tatu mama alitoka saa moja, kisha tatu. Ya nne alitoka kutwa, kama siku ya kazi, akiwa ameacha maziwa.

Maziwa ya mama ndiyo yaliyoharibika mwanzo. Siku ya jaribio la kwanza umeme ulikatika saa nne, na msaidizi, kwa nia njema, akayatoa kwenye friji "yapate hewa". Utaratibu uliofuata ukawa huu. Mama anakamua baada ya kunawa, kwenye vyombo vidogo vyenye mfuniko vilivyochemshwa, mililita 60 hadi 100 kila kimoja, na tarehe juu yake. Kwenye friji yenye baridi ya kweli maziwa hukaa hadi siku nne, lakini penye umeme wa kukatika nyumba ilijiwekea siku moja. Umeme ukikatika friji haifunguliwi. Nje, yaliyokamuliwa sasa hivi huhesabiwa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Jiko la Fuoni wakati wa Kaskazi linapita hapo kwa mbali, basi yatumike ndani ya saa moja au mbili. Yanapashwa kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, siyo motoni. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, amekalishwa wima kiasi, ukingo wa kikombe ugusane na mdomo wa chini aramberambe mwenyewe; asimiminiwe. Yaliyobaki kikombeni hayarudishwi. Na mpaka miezi 6 hapewi maji, wala uji mwepesi, wala asali, hata bibi akipiga simu kutoka Wete.

Kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jiko ziliandikwa dalili za kutosubiri mama arudi: mtoto hataki kunyonya, amelegea au haamki, anatetemeka mwili kama degedege, anapumua mbio (hesabu dakika nzima, kichanga cha chini ya miezi miwili kikifika 60 ni hatari), kifua kinabonyea akivuta pumzi, joto nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili umekuwa wa baridi. Msaidizi alifundishwa kuhesabu pumzi kwa saa ya ukutani, shati la mtoto limefunuliwa. Aliachiwa na nauli ya teksi ndani ya kopo la majani ya chai, 10,000 zisizoguswa kwa jambo jengine, ili asije akasimama mlangoni na mtoto mgonjwa akingoja mtu wa kumpa pesa.

Karatasi ya makubaliano ina tarehe moja iliyotiwa duara: siku mtoto atakapotimiza miezi 6. Siku hiyo uji unaanza, vyombo vinaongezeka, mtoto anaanza kukaa na kufikia vitu, na kazi aliyoikubali mwanamke yule wa Makunduchi itakuwa kazi nyengine. Wamekubaliana kukaa tena kitako wao wawili, na mshahara uwe wa kwanza kuzungumzwa.